Dakika Kumi na Nne

Mtoto aligeuka tena. Wenseslaus alikuwa hata hajaingia ndani. Yuko mlangoni na dumu lake la maziwa, anamwaga maneno kama kawaida yake, habari za asubuhi, ng'ombe aliyezaa, utelezi wa njia ya Masama, vyote kwa pumzi moja. Pamela, mwenye miezi miwili tu duniani, akaacha kunyonya, akaelekeza uso mlangoni na kutabasamu.

Hosea aliona. Hiyo ilikuwa siku ya nne tangu arudi kutoka kazini, na kila siku anaona.

"Mwanangu," akasema, kwa ile sauti yake nzito isiyo na haraka. "Baba... yupo... hapa."

Mtoto akakunja uso, akaangua kilio.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba alikuwa amejiandaa. Mimba ilikuwa ya miezi minne alipoitwa kazini kwenye mashamba ya miwa, Kilombero. Kabla ya kuondoka alimsindikiza mke wake, Flavia, kliniki, na nesi akawaeleza: macho ya mtoto mchanga hayafiki mbali, yanaishia pale uso wa mama ulipo anaponyonyesha. Lakini masikio huanza kazi tumboni, na sauti atakayoizoea humo ataijua akizaliwa.

Hosea akalishika hilo kama amri ya Mungu. Kila jioni alirekodi ujumbe kwenye simu na kumtumia Flavia amwekee mtoto tumboni. Dakika kumi na nne, haukupungua hata siku moja. Ni mtu wa kupanga maneno, Hosea. Nyumbani walizoea kusema kwamba akianza kusalimia, wewe nenda kakamue ng'ombe kwanza.

Na leo mtoto anamchekea kapera wa jirani, mleta maziwa tangu mimba ikiwa changa.

Akamfuata mama yake jikoni. Bibi Epifania alikuwa anaponda mtori, supu ya ndizi na nyama ya mzazi, maana Flavia alikuwa bado hajamaliza miezi yake mitatu ya kukaa ndani na kulishwa.

"Mama, Flavia alikuwa anamwekea mtoto sauti yangu kweli?"

"Hakukosa hata siku moja. Mimi nabandika maji ya chai, yeye anaweka simu tumboni. Kabla hayajachemka umeshamaliza kuongea."

"Na Wenseslaus, alikuwa anakaa sana humu?"

Mama akaacha mwiko. "Yule ana subira ya kukaa mahali? Anaweka maziwa, anaondoka. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Kulikuwa na kitu. Kesho yake Pamela alikuwa anabatizwa. Padri angeuliza baba wa mtoto ni nani, Hosea angesimama mbele ya Masama nzima kujibu, na mtoto angegeuza shingo kumtafuta Wenseslaus kwenye mabenchi. Akaipata picha hiyo, akaingia chumbani, akavuta begi lake uvunguni na kuanza kupanga nguo.

Flavia alikuwa kitandani, Pamela mapajani bado analia.

"Unaenda wapi, Baba Pamela?"

"Kilombero."

"Kesho ni ubatizo."

"Mwambie aliyemzoesha sauti yake ndiye asimame naye."

Ikamchukua Flavia muda kuelewa. Alipoelewa, machozi yakamtoka kwa hasira. "Nilimwekea, Hosea. Ujumbe wako wote. Mpaka mwisho."

"Basi lete simu."

Hapo ndipo Flavia alipobadilika. Simu ilikuwa juu ya mto. Akaiwahi, akaifunika kwa khanga.

"Achana na simu. Niamini tu."

Kwa Hosea huo ulikuwa ushahidi tosha. Akaichomoa chini ya khanga na kuanza kutafuta. Alitafuta jina la Wenseslaus, hakuliona. Aliona jina lake tu, na chini yake ujumbe wa sauti, mmoja baada ya mwingine, miezi yote ile, na wote ulikuwa umesikilizwa. Akabonyeza mmoja.

Ikatoka sauti ya mwanamume anayekimbiza maneno kama amefukuzwa na mbwa. Hosea akajua amemkamata mtu. Akasikiliza amjue ni nani, mpaka yule mtu aliposema: mimi ni baba yako Hosea, nipo Kilombero, unisikilize vizuri.

Pamela akanyamaza. Akageukia simu, akatabasamu mpaka fizi zote zikaonekana.

Hosea akasogeza kioo karibu na macho. Pembeni mwa ujumbe paliandikwa 2x, kasi maradufu.

"Dakika kumi na nne, Baba Pamela," akasema Flavia, akiangalia ukuta. "Kila siku. Na kichefuchefu kile?"