Nahodha Aligeuza Chombo

Ukumbi wa video ulijaa hadi mlangoni. Zuberi, aliyekuwa akiwatafsiria watu tamthilia ile ya safari za angani tangu sehemu ya kwanza, alishika maikrofoni akasubiri. Leo ndiyo mwisho. Leo nahodha, mama mtu, angemrudia bintiye aliyemwacha kwenye sayari inayoungua.

Badala yake, nahodha aliamka kitandani, akapiga miayo, akamwambia mumewe kwamba ameota ndoto mbaya. Muziki wa kufunga tamthilia ukaanza.

Zuberi aliishusha maikrofoni, kama mtu aliyeuma pera akakuta funza.

“Anasemaje?” aliuliza Mama Ndekwa, mjane wa mstari wa mbele ambaye hakuwahi kukosa hata sehemu moja. “Mtoto amepona?”

“Anasema upuuzi, mama.” Zuberi alizima runinga. “Hawa walioitunga wametutemea mate usoni. Mimi siutafsiri uchafu huu.”

Watu waliguna, lakini hakuna aliyeinuka.

Akaisogeza maikrofoni mdomoni. “Nahodha aligeuza chombo,” alisema polepole. “Mafuta yalikuwa ya kwenda tu, si ya kurudi. Aligeuza hivyo hivyo.”

Kwenye kioo cheusi cha runinga zilionekana nyuso zao zote zimeinama mbele, zikingoja mlango wa chombo ufunguke.