Mwenye Mashine

Saidy alipomwacha Sihaba alibadilisha kitanda, mapazia na mke. Nywila hakuibadilisha.

Sihaba aliiandika mara moja tu, jina la marehemu mama yake, na mlango wa mashine ukafunguka. Akabaki ameduwaa mbele ya kompyuta, dukani kwake kando ya stendi ya Kibiti, mchana ule usio na wateja. Alitegemea kukataliwa. Kumbe mwanamume yule hakumwona hata mtu wa kufungiwa mlango! Hasira ikampanda upya, na hasira ya Sihaba haikuwa ya kupoa haraka.

Mashine ile ilikuwa kazi yake. Haikuwa na umbo. Ilikaa kwenye wingu, yaani ndani ya kompyuta za watu wa mbali zinazokodiwa kwa intaneti. Kiini chake kilikuwa nakala mama, ambayo wataalamu huiita imeji, na kila mashine mpya ilitoka humo kama vitumbua vinavyotoka kwenye chuma kimoja. Iliwatumia wavuvi wa Salale meseji za bei ya kamba na saa za maji kujaa. Saidy alilipia wingu. Sihaba ndiye aliyeijenga, na ndiye aliyezunguka na boti kwenye mikoko, matope magotini, akikusanya namba za simu nyumba kwa nyumba. Kule alilala kwa Bi Mwantum, mchuuzi wa kamba, aliyempisha kitanda chake na kumwita mwanangu.

Kisha talaka ikaja kwa meseji, kupitia mashine ileile. Ilitua kwenye simu ya kila mtu, chini ya bei ya kamba ya siku hiyo. Kibiti nzima ilicheka.

Hayo angeyameza. Lakini juzi Yasmin, yule mke mpya, alikuja dukani kutoa kopi.

"Saidy kanituma kwako, dada. Anasema kwingine hazitoki vizuri." Akaegemea meza. "Tuna wageni wiki hii, wakubwa kutoka Dar. Wanamtafuta mwenye mashine. Mwenzangu tangu asikie, hata kula hali."

"Kwa furaha?"

"Mie najua? Sahani inarudi kama ilivyokwenda."

Sihaba alimpa kopi zake, akamtakia heri. Yasmin alipovuka barabara, Sihaba aliitupa kalamu ukutani. Aliijenga yeye, na Saidy ndiye wa kupigiwa makofi? Thubutu.

Sasa akaifungua imeji. Kila imeji hubandikwa maelezo yake: mtengenezaji, mmiliki, namba ya simu, na kama inafutika au imelindwa. Maelezo hayo hufuatana na kila mashine inayozaliwa humo. Alitarajia kulikuta jina la Saidy limetapakaa kila mahali. Halikuwapo. Sehemu zote zilikuwa tupu.

Sihaba akacheka peke yake. Mvivu yule! Katika ndoa yao, Sihaba ndiye aliyekuwa akibandika lebo kila kitu, kuanzia kopo la chumvi mpaka ndoo ya chooni. "Wewe ukiona kitu hakina jina, mkono unakuwasha," Saidy alikuwa akimtania.

Mkono ulimwasha. Mtengenezaji: Sihaba Shaban. Mmiliki: Sihaba Shaban. Simu akaweka ya kwake. Kwenye kufutika akachagua imelindwa, Saidy asiweze kuigusa hata akilia machozi. Aliandika taratibu, akionja kila herufi.

Kisha akatazama mashine zilizokuwa zimewashwa. Zilijaa ukurasa mzima, na ukurasa uliofuata. Wavuvi wa Salale hawakuhitaji hata robo yake. Kumbe jasho lake limemnenepesha mtu kiasi hicho! Akazizima zote, akawasha nyingine badala yake kutoka kwenye imeji ile, ili kila moja ibebe jina lake.

Kesho yake asubuhi simu ikaita.

"Wewe ndiye mwenye mashine?"

"Ndiye mimi."

"Uko wapi?"

"Kibiti, stendi. Duka la kijani, hamlikosi."

Akavaa dera jipya na kujipaka wanja. Ng'ambo ya barabara, Saidy alikuwa ameketi mgahawani na Yasmin, sahani ya wali mbele yake, hajaigusa. Vizuri. Na aone kwa macho yake mwenyewe. Gari jeupe likampita Saidy bila kupunguza mwendo, likasimama mbele ya duka la Sihaba. Moyo wake ukaruka kwa raha.

Wanaume wawili waliteremka, wakamwamkia kwa adabu.

"Uliitengeneza mwenyewe?" mmoja akauliza.

"Mwenyewe. Hakuna mwingine aliyeweka mkono wake." Alipaza sauti ili ivuke barabara.

"Na meseji zinazotoka humo ni zako?"

"Zote ni zangu. Waulizeni watu wa Salale."

"Tumeshawauliza."

Akamgeuzia simu. Meseji ilikuwa ya jana jioni, imetoka kwenye mashine yenye jina la Sihaba, chini kidogo ya bei ya kamba: *Ile hela itume kwenye namba hii, ile ya mwanzo ina tatizo.* Yule wa pili akatoa pingu.

Mlango wa nyuma wa gari ukafunguka. Bi Mwantum akashuka, mtandio kaushikilia kidevuni, akamtazama Sihaba tangu usoni hadi miguuni.

"Kumbe wewe, mwanangu."

Ng'ambo ya barabara, Saidy alikuwa amemaliza wali wake, anaagiza sahani ya pili.