Mkebe wa Vifungo

Sebuleni walikuwamo watu wanne: mama, shangazi na mume wa fundi cherehani, na fundi mwenyewe, aliyeketi mguu mmoja juu ya kigoda.

Fundi aliubonyeza mguu huo kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo, kisha akakiondoa. Shimo likabaki. Alihesabu hadi ishirini, na bado lilikuwapo, kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa.

"Mguu wa kukanyaga cherehani kutwa utaacha kuvimba?" alisema shangazi. "Kwani yale matone ya vitamini D huyanywi?"

"Nayanywa, shangazi. Kila siku."

"Basi usitutie presha!"

Daktari alikuwa amemweleza fundi taratibu: kinga ya mwili wake inazishambulia figo zake mwenyewe, vidonge ndivyo vinavyoizuia, matone ni msaidizi tu, kwa kuwa jua amekatazwa. Naye, kwa kuchoshwa na vidonge vilivyomvimbisha uso, alikuwa amembakiza msaidizi na kumfukuza mwenye kazi.

Asubuhi hiyo mkojo wake ulikuwa umetoa povu kama la sabuni.

Akauvuta mkebe wa vifungo, akaumimina mezani. Katikati ya vifungo vyeupe vilibingirika vidonge vyeupe, vya wiki sita nzima.

Mama akashika kichwa. Mume akasimama. "Mke wangu, umejiua!"

"Bado," alisema fundi. "Nileteeni mkoba. Tunakwenda hospitali sasa hivi, na daktari nitamwambia mimi mwenyewe."