Mwanamke Chini ya Paa

Asubuhi aliyopanga kumwambia mkewe kwamba ameposa mjane kule Mnyambe, Fikirini alianza kwa kumfundisha Kichina.

Alama za maandishi hayo alifundishwa na askari Mchina katika hospitali ya jeshi huko Bara Hindi, alikolazwa baada ya kujeruhiwa Burma. Mbinu ilikuwa moja tu: kila alama uipe picha, nayo haitatoka kichwani.

Alichora kwa kijiti kwenye mchanga wa uani. "Huu ni mti. Kumbuka mkorosho wetu. Miti miwili ikisimama pamoja, ni msitu."

Mkewe, aliyekuwa ndiyo kwanza ametua mtungi wa maji kutoka bondeni, alichuchumaa kutazama. Maji na jasho vilimtiririka shingoni.

"Na huyu ni mwanamke, amekunja magoti. Ukimwekea paa juu, inasomwa amani," alisema Fikirini, akiona njia ya maneno yake imefunguka.

"Amani," mkewe akarudia.

Akakichukua kijiti. Akachora paa, akachora mwanamke, kisha taratibu akachora mwanamke wa pili ubavuni pake, mnene kidogo.

"Na hii, Baba Zena, inasomwaje?"

Fikirini aliikumbuka vizuri. Yule Mchina alimwambia ni ugomvi, akacheka mpaka mshono ukamuuma.

"Hiyo nimeisahau," akasema, akamfuta haraka mwanamke mmoja kwa unyayo.

Mkewe aliutazama ule unyayo.

"Uliyemfuta ni mimi," akauliza, "au ni yule mjane wa Mnyambe?"