Kilo za Waliomo Ndani

“Humo ndani mko wangapi?” Venanti aliuliza, akiwa ameligeuzia mgongo gari la wagonjwa.

“Wanne na mgonjwa,” nesi Zuhra alijibu kutoka nyuma ya khanga. “Unataka na majina?”

“Nataka kilo.”

“Basi andika tani. Ila fanya haraka.”

Ilikuwa Machi 2014, kwenye barabara ya Kasulu na Kibondo. Gari lilikuwa limezama hadi kwenye ekseli, chini ya mteremko, katikati ya matete marefu. Ndani yake Epifania alikuwa na uchungu tangu jana jioni, na mtoto hashuki. Wawili waliomtangulia walizaliwa wamekufa. Safari hii Zuhra hakuficha kitu: mama asipofika kwa daktari mapema, wataondoka wote wawili. Paa la kituo cha afya lilionekana juu, nyuma ya migomba. Kwa macho kilikuwa karibu. Barabara ndiyo iliyozunguka mlima mzima.

Wanawake walikuwa wamefunga khanga mbili kwenye mlango wa nyuma na kuwaamuru wanaume waende mbele, wasigeuke. Hakuna aliyebisha. Jambo kama hilo mwanamume halisogelei, wala halitazami. Kipriani, mume wa Epifania, alisimama na wenzake. Alitazama tope likiingia ndani ya viatu vyake, akaliacha liingie.

Mbele yao zilisimama pikapu mbili. Moja ilikuwa ya Hashimu, mwenye duka wa Kasulu, yenye mkonga wa kuvutia hewa kando ya kioo, imejaa maharage ya Nyabibuye. Nyingine ilikuwa kubwa zaidi, tupu, mali ya mkandarasi wa barabara. Venanti alikuwa dereva wake.

“Hii inavuta tani tatu na nusu,” Hashimu alisema, akiipiga boneti kofi. “Hilo jumba lako linavuta macho ya wasichana tu.”

Venanti hakukasirika. Alifungua mlango wa pikapu ya Hashimu, akapangusa kibati cha uzito kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango, akakisoma polepole.

“Gari tupu, tani mbili na ushee. Likijaa lisizidi tatu na robo. Umebeba gunia ngapi, mzee wangu?”

“Kumi.”

“Za kawaida au lumbesa?”

Hashimu akatazama mlima. “Zimeshiba kidogo.”

“Basi umepita kiwango hata kabla hatujafunga kamba. Na hizo tani tatu na nusu ni za tela ambalo tairi zake zinazunguka, tena lina breki zake. Hili hapa halizunguki. Tope limelishika.”

“Na lako je?”

“Linavuta tani tano na nusu. Lakini nyuma ni jepesi, tairi zitateleza. Linataka uzito mgongoni.”

Hashimu aliyatazama magunia yake. “Unayataka maharage yangu.”

“Nataka yakae kwangu kwa muda.”

“Yakilowa, utakula wewe na mkandarasi wako.”

Mvua ilianza tena. Walihamisha magunia, watu wanne kwa kila moja, na yalikuwa yamejazwa kupita mdomo, yamefungwa kwa vilemba vya kamba juu kama lumbesa zote. Kipriani alibeba kwa sababu gunia lilikuwa mbele yake. Mtu mmoja alimwambia pole. Alisema asante, kisha akashika pembe ya gunia lililofuata.

Yote yalipohama, baada ya saa nzima na zaidi, Venanti alirudia hesabu. Gari la wagonjwa, tani mbili na nusu. Wanawake wanne. Mgonjwa. Tope aliliwekea mara mbili ya uzito huo, akafikiri, akaongeza kidogo.

“Wanawake wakishuka tutapunguza kama kilo mia mbili na hamsini,” alisema. Akaita bila kugeuka. “Mama zangu! Mnaweza kushuka, abaki mgonjwa peke yake?”

Mvua ilipiga mabati ya pikapu. Hakuna aliyejibu.

“Waache,” dereva wa gari la wagonjwa alisema kwa sauti ya chini. “Wakifika hapo hawamjibu mwanamume.”

Kipriani alikijua kimya hicho. Alishakisikia mara mbili, akiwa amesimama hivihivi, amegeukia upande mwingine. Aliinama, akasaidia kufunga kamba.

Kamba ilikatika. Wakaleta mnyororo. Venanti akaingia kwenye pikapu yake, akatia gia ya chini, akaenda taratibu kama anayembembeleza mtu. Tairi ziliuma. Gari la wagonjwa lilitikisika, likatoa mlio wa kunyonya, likapanda hadi penye ardhi ngumu, kwa urahisi kuliko hesabu ilivyosema.

“Maharage yangu hayo!” Hashimu alipiga kelele. “Maharage ya Nyabibuye!”

Wengine walicheka, kisha kicheko kikaisha. Nyuma ya khanga hapakusikika sauti ya mtu mzima wala ya mtoto. Wanaume wote waligeuka kumtazama Kipriani, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekuwa na haki ya kwenda kule.

Alikwenda. Khanga zilikuwa zimelowa na fundo lilikuwa gumu. Hakuharakisha. Lilipofunguka, alifungua mlango, akasimama hapo na khanga mkononi.

Mabenchi yalikuwa matupu. Hata machela haikuwepo.

Matete ya upande wa mlima yakatikisika, Zuhra akatokea akishuka njia ya miguu, viatu mkononi, tope hadi magotini.

“Baba mtoto!” alipaza sauti. “Twende, binti yako ameshalia na kuoshwa, na mama yake anakunywa uji. Hao wengine waache wamalize kuvuta.”