Glasi ya Mgeni Rasmi

Wanafunzi wa chuo kimoja cha Mokowe walimwita Mwanamkisi jukwaani awaeleze watu habari za ukame wa kisiwa cha Pate. Hakuishika maikrofoni. Alikwenda moja kwa moja hadi meza ya mgeni rasmi, akamwaga sakafuni maji ya glasi ya mgeni, kisha akaijaza kwa maji ya chupa aliyoyateka kisimani kwao Chundwa.

Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Vijidudu vyekundu vilipanda na kushuka ndani yake.

Bwana huyu ndiye aliyesema redioni kwamba visima vya Pate ni salama, na mashua za maji zikasitishwa. Mwezi haukuisha kabla Mwanamkisi hajamzika mjukuu wake, aliyeharisha siku tatu.

"Mai haya ulisema ni mazuri," alimwambia taratibu. Tangu matanga, moyo wake haukuwahi kutulia hivi. "Basi nwa, Bwana."

"Bi, hapa si mahali pake," akanong'ona yule bwana.

"Na kaburini palikuwa mahali pake mtoto wa miaka mitatu?"

Mgeni akageuka kuutazama mlango. Wasichana wawili wa chuo walikuwa wamekwisha kuufunga, wameuegemea kwa migongo yao.