Nati ya Mkiani

Mlinzi alimpa dakika kumi. Wachunguzi wangefika saa tatu asubuhi, alisema, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ndege kabla yao, hasa fundi aliyeitengeneza. Lakini alipomtazama usoni alichukua kiti chake, akakisogeza nje ya mlango wa banda, akakaa akiipa ndege mgongo.

Ndege ndogo ya viti viwili ilikuwa imelazwa sakafuni, bawa moja limevunjika, pua imebonyea hadi kwenye kiti cha rubani. Fundi hakukitazama kiti. Alizunguka moja kwa moja hadi mkiani, akapiga magoti, spana mkononi.

Juzi ilikuwa imetua vizuri tu. Magurudumu yalishika lami, ikakimbia kidogo, kisha ikageuka kushoto ghafla kama punda aliyekataa njia, ikaenda kupinduka mtaroni. Ndege zenye gurudumu dogo nyuma ndivyo zilivyo. Upepo ukizipiga ubavuni, mkia hutaka kutangulia kichwa, na ni miguu ya rubani kwenye pedali inayoukataza. Basi ama miguu ilichelewa, ama pedali zilikanyagwa na gurudumu lisitii. Ama rubani, ama fundi. Hakuna wa tatu.

Rubani alikuwa binti yake. Pale uwanjani walimwita Kipanga, mwanzoni kwa kumkejeli. Kila alipotua, marubani wenzake walitoka na vikombe vyao vya chai kumwangalia, kama watu wanaosubiri mpita njia ateleze kwenye tope. Miaka miwili hakuteleza. Sasa walikuwa na la kusema, na walilisema msibani hapohapo, kwa sauti ya chini, kwamba hii si kazi ya wasichana. Shemeji wa fundi naye, bila haya, akasema ndiyo maana ya mtoto akililia wembe mpe.

Jana jioni mke wa fundi alimgeukia.

"Mume wangu," aliuliza, "ulizikaza nati zote?"

Mwenyewe hakujua. Siku moja kabla ya ajali alifungua boliti ya gurudumu hilo la nyuma ili alitie grisi. Nati ya pale hukazwa, kisha hupitishwa kipini cha waya ili isilegee. Katikati ya kazi akaitwa kwenye simu. Kukaza alikumbuka. Kipini hakukumbuka kama alikitia, na tangu ajali hakula wala kulala. Kumzika mtoto ni msiba. Kumzika ukijua ni wewe uliyemuua, hilo halina jina.

"Fundi," mlinzi aliita bila kugeuka, "zimebaki dakika tano. Mimi sioni unachofanya huko, na nikiulizwa sitasema. Una wengine wa kulisha, usiende kufungwa."

Fundi alifuta tope kwa kidole gumba. Kipini kilikuwepo. Kilikuwa kimepindwa ncha zote mbili, kama alivyovipinda yeye siku zote. Alijaribu nati kwa spana, haikutikisika. Alivuta waya wa pedali, na gurudumu likageuka kushoto, likageuka kulia, bila kukwama popote.

Alikaa sakafuni akalia, amejiziba mdomo kwa tambara la grisi. Hakuwa na kosa lolote. Basi ilibaki miguu kwenye pedali.

Halafu alikinyoosha kipini, akakichomoa. Akaifungua nati, akavitia vyote viwili mfukoni, na kwa ncha ya spana akaisukuma boliti hadi ikatoka kwenye tundu lake.

"Kaka," alimwita mlinzi, "njoo uone. Nilisahau kipini."